Kisa chako cha gemu ya mezani kimepigwa chini sababu ya AI? Mwongozo kamili wa kuchapisha

Kila wiki napata meseji ileile, mtumaji tu ndo anabadilika: "Kaka nimepandisha PDF yangu dukani wameishusha, wanasema AI, sasa AI gani wakati stori nimeandika mwenyewe?" Namwambia nitumie faili. Nikifungua nakuta kava ya Midjourney (AI ya kuchora picha) ambayo hajaitaja popote, zimwi ana HP (pointi za uhai) ambazo hazifanani na dadu zake, na ukurasa wa mwisho una leseni ambayo chatbot imejitungia. Stori kweli kaandika mwenyewe, ila kwa faili lile nani atamwamini?

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza kisa kifupi cha gemu ya kuigiza ya mezani, zile za dadu na mchezeshaji, kurasa 12 hadi 30 hivi, na anataka kukiuza kama PDF. Mifano yangu yote ni ya kanuni za 5E (toleo la tano la Dungeons & Dragons, gemu ya kampuni ya Wizards of the Coast) maana ndo wengi wenu mnatumia. Sikuambii utumie AI wala usitumie, hilo ni lako, ila kama umeigusa hata kidogo fuata hatua kwa mpangilio, maana karibu wote mnaokwama mliruka ya 1 na ya 2 mkakimbilia picha.

## Andaa hivi kwanza

- Rasimu au angalau wazo lako kwenye karatasi. Karatasi kabisa, sio kwenye chatbot.
- SRD 5.2 (hati ya kanuni za msingi za 5E) kama PDF, ile ya bure ya Wizards of the Coast iliyotoka Aprili 2025 chini ya leseni ya CC-BY 4.0 (unatumia hata kwa biashara mradi utaje chanzo). Kama unaandikia watu wanaocheza kwa kanuni za zamani chukua 5.1, nayo iko chini ya leseni hiyohiyo tangu Januari 2023. Chagua moja tu.
- Programu ya kupanga kurasa. Scribus ni ya bure na inatosha, hata LibreOffice inatosha ukiwa na subira.
- Fonti zenye leseni ya wazi (tafuta zenye SIL OFL) na folda ya kuhifadhi leseni zake.
- Jedwali la kawaida la kompyuta, Excel au chochote, litakuwa daftari lako la AI.
- Kalkuleta. Nacheka ila niko siriasi.
- Watu 4 au 5 wa kucheza, na mmoja ambaye hajakusikia ukisimulia kisa hicho hata siku moja.

## Hatua ya 1: Chagua duka kabla hujaandika

Watu wanaandika kitu kizima ndo wanaanza kutafuta pa kukiuza, afu wanakuta pale wanapopataka hapaingiki. Kila duka lina sheria zake za AI na sheria hizo zinabadilika, kwa hiyo fungua ukurasa wa sheria wa duka siku unayoanza na uufungue tena siku unayopandisha.

DriveThruRPG ndo soko kubwa la PDF za gemu hizi. Pale picha za AI zinaruhusiwa ndani ya kitabu ila lazima uweke tagi yake, na kazi za kuuza ambazo maandishi yake kwa sehemu kubwa yametoka kwa AI hawazipokei. Pia hawapokei bidhaa ambazo ni picha za AI peke yake, yani zile pakiti za picha za kuuzia wachapishaji wengine. Gawio la mchapishaji wa kawaida ni 65% ya bei, au 70% ukikubali kuuza kwao peke yao.

Itch.io wao tangu mwishoni mwa 2024 wana swali la AI kwenye ukurasa wa kuhariri mradi, unajibu ndio au hapana na unasema ni picha, sauti, maandishi au msimbo wa programu (code). Wao wanakuachia uamue asilimia wanayochukua, ukiacha bila kugusa ni 10%.

Pathfinder Infinite na Starfinder Infinite (programu za kampuni ya Paizo za mashabiki kuuza kazi zao), hapo hamna mjadala. Paizo walisema Machi 2023 kwamba programu hizo hazipokei kazi ya AI, na mikataba yao na waandishi na wachoraji nayo inadai kazi ya mtu. Soko la Roll20 (tovuti ya kuchezea gemu hizi mtandaoni) nalo halitaki picha za AI. Programu nyingine za jumuiya, ile ya DMs Guild (ya Dungeons & Dragons) ikiwemo, zina masharti yake na kwa hiyo ya DMs Guild kumbuka pia kwamba kitu ukishakiweka pale hukipeleki kwingine na wewe unabaki na 50%.

Kama una ndoto za tuzo, ENNIE (tuzo za gemu hizi) kuanzia awamu ya 2025-2026 hawapokei kazi yenye AI ndani, hata kava tu. Na kama unapitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za mradi (wabunifu wa Kenya na Tanzania kwa kawaida mnaingia kupitia mwenza wa nchi nyingine), tangu tarehe 29 Agosti 2023 lazima uandike kwenye ukurasa wa mradi sehemu gani umetumia AI na sehemu gani ni mkono wako.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja: "Nauza duka fulani, wanaruhusu hiki, hawaruhusu hiki." Ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo rudi ukasome tena.

Angalizo: ukiuza maduka mawili fuata sheria kali ya yote mawili. Kutengeneza toleo mbili, moja yenye AI na moja isiyo nayo, ni kujitafutia siku ya kuchanganya mafaili.

## Hatua ya 2: Fungua daftari la AI siku hiyohiyo

Safu tano tu: tarehe, chombo gani, uliiomba nini, ilikupa nini, na umekitumia vipi. Kila ukifungua chatbot kwa ajili ya kisa hiki unaandika mstari mmoja. Inaboa, najua, siku ya tatu utataka kuacha.

Sababu ni kwamba baada ya miezi miwili hukumbuki. Mtu ananiambia "AI ilinisaidia majina tu" afu tukipekua mazungumzo yake tunakuta chumba cha 7 chote kimebandikwa neno kwa neno. Hakuwa anadanganya, alisahau. Dukani kusahau na kudanganya vinafanana.

Rasimu pia zihifadhi kwa tarehe, usiandike juu ya faili moja kila siku. Rasimu nane za tarehe tofauti zenye makosa yako ya kibinadamu ndani ndo ushahidi mzuri kuliko apu yoyote ya "kugundua AI", maana zile apu zinakosea sana na haswa kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, tukiandika kwa kunyoosha tunaitwa roboti.

Utajua umefaulu mtu akikuuliza "hii aya imetoka wapi" na we unajibu kwa dakika moja bila kukisia.

## Hatua ya 3: Andika mwenyewe, AI iwe mkosoaji

Hapa nina msimamo. Ukiiambia chatbot "niandikie kisa cha shimo la mazimwi kwa wahusika wa daraja la 3" itakupa kijiji chenye ukungu, mganga anaitwa Elara, nahodha anaitwa Thorne, na msitu unaonong'ona. Kila mtu anapata hiyohiyo. Wanunuzi wa gemu hizi wanasoma sana na majina hayo wameshayakariri, wakiona Elara ukurasa wa 2 wanarudisha.

Afu kuna hakimiliki. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani, na maduka mengi haya ni ya Marekani, ilishaamua Februari 2023 kwenye kesi ya kitabu kimoja cha katuni kwamba maneno na mpangilio wa mwandishi vinalindwa ila picha zilizotoka Midjourney hazilindwi. Januari 2025 wakatoa ripoti wakasema prompti (maelekezo unayoiandikia AI) peke yake haitoshi kukufanya mwandishi. Kwa hiyo sehemu ambayo AI imeandika yote, mtu mwingine akiichukua akaiuza huna pa kushika.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika rasimu yote mwenyewe, mbaya mbaya hivyohivyo, kwa Kiswahili kama kichwa chako kinawaza Kiswahili. Afu ndo uiite AI kwa kazi ambazo hazizai maandishi ya kubandika: "Nitajie sehemu ambazo mchezeshaji atakwama", "chumba kipi hakina mlango", "ufunguo wa chumba cha 4 umetajwa wapi". Jibu likija, marekebisho unaandika wewe. Kwa kazi hii iko vizuri kweli, kwenye kisa changu kimoja ilinionyesha kwamba mateka waliokuwa ghorofani hawakuwa na ngazi ya kupandia, na mi nilikuwa nimesoma mara sita sikuona.

### Ukitaka toleo la Kiswahili

Usibandike tafsiri ya mashine, jamani. Nimeona PDF imeandika "kutupa kuokoa" na "pointi za kupiga", mchezaji atajuaje kwamba pointi za kupiga ndo uhai wake? Tengeneza kwanza orodha yako ya istilahi 40 hivi: pointi za uhai, tupo la kujinusuru, daraja la silaha, na kadhalika, chagua yako na usibadilishe katikati. Halafu angalia upatanisho. Mashine inaandika "zimwi linarusha mkuki" mstari huu na "zimwi anakimbia" mstari unaofuata. Zimwi ni kiumbe hai, anarusha, anakimbia, anakufa.

Tafsiri ya mashine hata ukiipiga pasi mi naihesabu kama maandishi ya AI na naitaja. Na ukiwa unachukua viumbe vya kwetu usiiulize chatbot asili yake. Itakwambia kwa kujiamini popobawa ni wa kabila fulani la bara huko, wakati ni habari ya Pemba na Unguja na wapo watu wazima wanaokumbuka mwaka 1995 walivyolala nje kwa woga. Uliza bibi, uliza mtu wa kule.

Utajua umefaulu ukifuta kila kitu kilichotoka kwa AI na kisa bado kinasimama na kuchezeka.

## Hatua ya 4: Leseni na majina yasiyo yako

Fungua SRD yako, tafuta ukurasa wa leseni mwanzoni, nakili lile tamko la kutaja chanzo neno kwa neno na ulibandike kwenye ukurasa wako wa shukrani. Usiliandike kutoka kichwani na usiiombe AI. Ukiiomba itakuchanganyia leseni ya zamani ya OGL na ya CC-BY kwenye aya moja, nimeona zaidi ya mara tatu, na ukurasa wenye leseni mbili zinazogombana ni jibu rahisi la kukukatalia.

Kwenye kava andika inaendana na 5E. Jina la Dungeons & Dragons na nembo yake usiviweke kwenye kava kabisa.

Hatari nyingine AI inakuletea kimyakimya. Imesoma kila kitu kwa hiyo haijui kilicho wazi na kilicho cha watu. Utaiomba "zimwi wa kutisha wa mapangoni" ikuletee beholder au mind flayer, hao ni mali ya Wizards na hawamo kwenye SRD 5.2 kama viumbe vya kutumia. Owlbear yumo, tumia. Kwa hiyo chukua kila jina la kiumbe, uchawi na kifaa kwenye kisa chako, kitafute kwenye PDF ya SRD. Kama hakimo na hujakibuni mwenyewe, kitoe.

Utajua umefaulu orodha ya majina yote ikiwa na alama mbili tu: "kimo SRD" au "changu".

## Hatua ya 5: Hesabu za mazimwi

Hapa ndo wengi mnafeli na hapa ndo nitakaa. AI ya maneno inakisia kinachofanana na jibu, na zimwi wa 5E ni hesabu zilizofungamana, namba moja ikiyumba zote zinayumba. Msomaji mzoefu anaangalia zimwi wa kwanza, akikuta hesabu mbovu anaacha kusoma na anakuandikia nyota moja.

Tuchukue mfano. Nilimwomba chatbot anitengenezee Mlinzi wa Kisima, saizi ya kati, CR 2 (CR ni kipimo cha ugumu wa zimwi). Akaniletea: Nguvu 16, Wepesi 12, Mwili 14, Hekima 12, HP 45 (6d8 + 12, yani dadu sita za pande 8 jumlisha 12), shambulio la mkuki +7, madhara 9 (1d8 + 3), DC (namba ya kufikisha) ya kujinusuru 14 kwa Mwili. Inapendeza kwa macho. Sasa shika kalkuleta.

Uhai. Saizi ya kati inatumia d8 (ndogo kabisa d4, ndogo d6, kubwa d10, kubwa sana d12, jitu kabisa d20). Wastani wa d8 ni 4.5. Dadu 6 ni 27. Mwili 14 unatoa +2, mara dadu 6 ni 12. Jumla 39, sio 45. Namba ya kwanza na mabano lazima vikubaliane.

Shambulio. Nguvu 16 ni +3. CR 0 hadi 4 ongezeko la ustadi ni +2, CR 5 hadi 8 ni +3. Kwa hiyo +5. Ile +7 imetoka hewani, na kwa wahusika wa daraja la 3 +7 inaua.

Madhara. 1d8 ni 4.5, ongeza 3 ni 7.5, unashusha chini, 7. Sio 9.

DC. 8 + ustadi 2 + kigezo (ile nyongeza ya sifa). Kwa Mwili ni 8 + 2 + 2 = 12.

Kuhisi kimya (anachogundua bila kurusha dadu). 10 + Hekima (+1) = 11. Kama umempa ustadi wa kuona, 13.

XP (pointi za uzoefu). CR 2 ni 450. CR 1 ni 200, CR 3 ni 700. Hizi zimo kwenye SRD, usikisie.

Mpangilio. Ukitumia 5.2 zimwi lazima awe na mstari wa Initiative (nani anaanza kwenye pambano). Kwa Wepesi 12 ni +1 na alama 11. Chatbot nyingi zimemeza kanuni za 2014 (zile za 5.1) kwa wingi kwa hiyo zinakuletea umbo la zamani, mstari huo haupo, na we unaandika kwenye kava "5.2". Mnunuzi anaona ndani ya sekunde kumi.

Kati ya namba nilizopewa kwa yule Mlinzi, nne zilikuwa za uongo. Kwa hiyo ushauri wangu, zimwi mjenge kwenye Excel, fomula zikikaa vizuri mara moja unazitumia maisha yako yote. AI ikusaidie mawazo ya anachofanya, mfano "anavuta maji ya kisima yakageuka ukungu", namba weka wewe.

Angalia pia hazina na ugumu wa mapambano. AI inapenda kugawa vifaa vya kichawi kama pipi, kisa cha saa tatu wanatoka na upanga wa +3.

Utajua umefaulu ukimpa mtu zimwi wako mmoja bila mabano ya dadu, akahesabu kutoka kwenye sifa akafika namba zilezile.

## Hatua ya 6: Picha

Una njia nne, na kila moja ina mtego wake.

Picha za zamani zisizo na hakimiliki. Kwa bajeti ya sifuri mi naipenda hii kuliko zote. Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan Museum ya New York wanatoa maelfu ya picha kubwa safi unazoweza kutumia hata kwa biashara, na Biodiversity Heritage Library ina michoro ya wanyama na mimea mpaka uchoke, pweza wa karne ya 19 anatisha kuliko zimwi yeyote wa Midjourney. Soma leseni ya kila picha moja moja, usidhani tovuti nzima ni huru. Kwa alama ndogo, game-icons.net ipo, ila wengi wa wachoraji wake wanataka watajwe.

Kununua pakiti za picha. Mtego ni kwamba pakiti yenyewe inaweza kuwa ya AI na muuzaji hajasema. Yalinikuta. Nilinunua pakiti kwa muuzaji mmoja, bei poa, nikaweka picha 5 ndani ya kisa na kwenye tagi nikajaza hakuna AI, kwa moyo safi kabisa. Wiki ya pili mnunuzi akaandika kwamba yule shujaa wa ukurasa wa 9 ana vidole sita na kamba ya upinde inaishia hewani. Nikaangalia, kweli. Kitabu kikashushwa, nikabadilisha picha zote, nikaandika barua ya kuomba radhi kwa watu walionunua. Tangu siku hiyo kabla sijalipa namuuliza muuzaji kwa maandishi "kuna AI humu?" na jibu nalihifadhi.

Kumlipa mchoraji. Andika makubaliano hata kama ni ya WhatsApp: hakuna AI kwenye hatua yoyote, au ipo na ataisema wapi. Omba akutumie mchoro wa penseli, halafu wa katikati, halafu wa mwisho. Usione ni kumdharau. Agosti 2023 kitabu cha majitu cha Wizards chenyewe kilikutwa na michoro ambayo mchoraji aliinyoosha kwa AI, na kampuni ikasema haikujua, ikabadilisha mwongozo wake kwa wachoraji. Januari 2024 wakarudia aibu kwa picha ya tangazo, mwanzo wakakana, baadaye wakakubali. Kampuni ya ukubwa ule imeteleza mara mbili, we na mimi je?

Kutumia AI na kutaja. Inawezekana kwenye duka linaloruhusu. Jua unachopoteza: wanunuzi wengi wameweka kichujio cha kuficha bidhaa zenye tagi hiyo, kwa hiyo kava moja ya bure inaweza kukuficha kwenye macho ya watu haohao uliotaka wakuone. Usiombe "kwa mtindo wa" mchoraji aliye hai. Na usiifanye ramani kwa AI ya picha, milango inafunguka ukutani na ngazi haziendi popote. Ramani chora kwenye karatasi ya mraba upige skani.

Jenereta za ramani zinazotumia kanuni na bahati nasibu, kama ya Watabou, sio AI ya aina hii, ni kama kurusha dadu haraka haraka. Hata hivyo iandike kwenye daftari, na soma masharti yake.

Utajua umefaulu kila picha ikiwa na mstari wake: imetoka wapi, leseni gani, nani atajwe.

## Hatua ya 7: Chezesha

Mara mbili. Mara ya kwanza endesha wewe, mara ya pili mpe yule ambaye hajasikia kisa akiendeshe kutoka kwenye PDF wewe ukae kimya kwenye kona. Kukaa kimya ndo kazi ngumu. Kila akikuuliza swali, hapo pana tundu kwenye maandishi, andika ukurasa.

Chatbot ikikwambia "mapambano haya yana usawa mzuri" usiiamini, haijawahi kurusha dadu.

Utajua umefaulu akimaliza kisa chote na maswali chini ya matano.

## Hatua ya 8: Panga kurasa na andika tamko

Kupanga kurasa sitachukua muda. A5 au Letter, safu moja kwa simu au mbili kwa karatasi, picha 300 dpi kama kuna wa kuprinti, alama za kurasa kwenye PDF ziwepo ili mchezeshaji aruke haraka.

Tamko la AI ndo muhimu. Liweke ukurasa wa shukrani, fupi, likitaja kazi yenyewe AI iliyofanya. "Kitabu hiki kimetumia teknolojia" haisemi kitu. Andika hivi:

"Maandishi yote ya kisa hiki yameandikwa na mwandishi. Chatbot ilitumika kukagua mpangilio wa vyumba na kutafuta mapengo, hakuna maneno yake yaliyochapishwa. Kava na michoro ya ukurasa 6 na 14 ni ya maktaba za picha huru zilizotajwa hapo chini. Ramani imechorwa kwa mkono."

Au kama ulitumia: "Picha ya kava imetengenezwa kwa AI na kurekebishwa na mwandishi." Basi, usijitetee kwa aya tatu, watu wanaona una wasiwasi.

Utajua umefaulu tamko na daftari vikisema kitu kimoja.

## Hatua ya 9: Pandisha na weka tagi

DriveThruRPG mchapishaji mpya kitabu chake cha kwanza kinakaguliwa kabla hakijaonekana, kwa hiyo usitangaze tarehe ya kutoka kwa watu mpaka umeona kimekubaliwa. Jaza tagi ya AI kulingana na daftari na sio kulingana na unavyojisikia siku hiyo. Kava, kurasa za ndani, maelezo ya dukani, picha za tangazo, vyote vinahesabika. Nimeona mtu kitabu safi kabisa, halafu bango la tangazo la AI, watu wakamsulubu kwa bango.

Angalizo: maelezo ya dukani andika mwenyewe. Ni aya mbili tu jamani, na ndo mahali pa kwanza mtu anaponusa roboti.

## Wakikukatalia au wakikushusha

Usipandishe tena faili lilelile kwa jina lingine, hapo ndo akaunti zinafungwa. Soma walichosema mara mbili. Jibu kwa barua moja fupi ya heshima: ambatanisha daftari, rasimu mbili tatu za tarehe tofauti, michoro ya hatua kutoka kwa mchoraji, risiti za picha. Kama kosa ni lako sema ni lako, sema umebadilisha nini na ukurasa gani. Usilete hoja ya "mbona fulani naye ametumia", haisaidii na inakuonyesha ulikuwa unajua.

Wakikubali, badilisha namba ya toleo kwenye jina la faili na kwenye ukurasa wa shukrani kabla hujapandisha, halafu watumie walionunua meseji moja kupitia dukani kusema nini kimebadilika, maana ukiweka v1 juu ya v1 kuna mchezeshaji Jumamosi atafungua lile la zamani na kukutana na Mlinzi wa Kisima mwenye +7.